Mpini wa Mninga

Ukitaka nikwambie ukweli, kile kisu chenyewe hakikuwa kitu. Kisu cha kukunja cha dukani kwa Mhindi, bapa lake halizidi kidole, na springi ya mgongoni ilishalegea kabla hakijafika mkononi mwangu. Kitu kilikuwa mpini. Ule wa kwanza, wa pembe, ulipasuka, baba akatafuta kipande cha mninga, akakaa nacho kibarazani karibu mwezi mzima akikichonga vipande viwili, akavibana kwa misumari mitatu ya shaba. Haukupita muda akafa. Nguo zake waligawana ndugu, jembe akachukua baba mdogo. Mimi nikabaki na kisu. Hapakuwa na kitu kingine duniani ambacho baba alikitengeneza kwa mikono yake kikawa changu, na nilijiapiza kwamba kile hakinitoki.

Wajukuu zangu wakisikia hivi wanacheka. Wanasema, babu, kisu ni kisu. Haya, sawa. Nimeshachoka kubishana na watu ambao hawajawahi kushika kitu kilichochongwa kwa ajili ya mkono mmoja tu.

Nilikwenda Nachingwea kama walivyokwenda wenzangu wote, kwenye mashamba ya karanga ya Wazungu. Matingatinga yanatangulia, yanaangusha msitu, sisi tunafuata nyuma na mashoka kung'oa visiki na kukusanya mizizi. Kazi ile usiombe. Vumbi jekundu linaingia kwenye masikio, linaingia kwenye uji, ukikohoa unatema udongo. Ukimaliza eneo moja unaonyeshwa jingine, na jingine halina mwisho. Jioni hatukuwa hata na nguvu ya kugombana. Mtu anakaa mlangoni pa banda lake anatazama miguu yake basi.

Kilichokuwa kinanipumzisha ni Jumapili mchana. Palikuwa na seremala mmoja, Mmakonde aliyekuwa amehamia kijiji cha jirani, Mkotokuyana, na mkewe, aliyefanya kazi kwenye karakana ya mbao pale kambini. Jumapili karakana inafungwa lakini ufunguo alikuwa nao yeye. Na palikuwa na mpishi, Mmakua wa upande wa Masasi, Mkristo, aliyepika kwenye bwalo la Wazungu. Sisi watatu tulikutana kwa sababu moja tu, nayo ni visu vya kukunja vyenye mpini wa mti. Hatukuwa na sababu nyingine yoyote. Nyumbani kwao sikupajua, watoto wao sikuwajua majina.

Tulikuwa na taratibu zetu. Kisu hakipokezwi mkono kwa mkono, hiyo inaleta ugomvi. Unakiweka juu ya meza ya randa, kimefungwa, mwenzako anakiokota. Anakipima uzito kwanza. Halafu anakifungua taratibu, sikio karibu, anasikiliza. Halafu anakifunga. Kisu kizuri kikifungwa kinasema tak, mara moja, kinanyamaza. Kibaya kinagongagonga. Baada ya hapo ndipo mtu anaruhusiwa kuufunga mkono kwenye mpini, na akishaufunga anafumba na macho.

Cha seremala kilikuwa na mpini wa mpingo, mweusi, mzito, bapa limenolewa miaka mingi mpaka limebaki jembamba kama jani la mpunga. "Hiki kinakata hata usipokitaka," mpishi alikuwa akisema. Cha mpishi aliachiwa na Mzungu aliyerudi kwao, mti mweupe wa huko huko, na nyuma kina kidude cha kuzungusha cha kufungulia chupa. Seremala alikidharau. "Kisu hiki ni cha mtu anayekula amekaa," alisema, na mpishi akajibu kwamba yeye ndiye anayewapikia watu wanaokula wamekaa, kwa hiyo kisu kinajua kwao. Tulicheka, loo, tulicheka mambo ya kijinga.

Cha kwangu ndicho walichokipenda. Si kwa uzuri, springi ile ilikuwa ya aibu, kikifungwa kilikuwa kinasema tak halafu tena tak ndogo. Lakini baba aliuchonga mpini kwa kipimo cha kiganja chake. Upande wa kidole gumba palikuwa na kibonde kidogo, na chini umenenepa kidogo ili usiteleze mkono ukitoka jasho. Seremala, mtu ambaye hakuwa akisifu hata kitanda alichokiunda mwenyewe, siku ya kwanza aliushika akaugeuzageuza mpaka nikadhani anatafuta kasoro. Halafu akasema, "Mzee wako alikuwa na kiganja kifupi, na kidole hiki cha kati alikuwa hakikunji vizuri." Nikashtuka. Kweli baba kidole kile kilivunjika zamani kwenye kinu cha miwa. Hakuna aliyemwambia. Aliusoma mpini.

Tangu siku ile nilikuwa siwezi kukosa Jumapili. Nilikuwa nawaeleza habari za baba kwa kupitia mpini ule, alivyokuwa anakaa, alivyokuwa anapuliza vumbi la mbao, alivyokuwa anausugua kwa jani la msasa, na wao wanasikiliza kama watu wanaosikiliza redio. Mwaka ule nyumbani Ruangwa nilikwenda mara moja tu, siku ya Idi, nikalala usiku mmoja, nikarudi. Kwa mama nilikuwa natuma sukari na kanga kwa watu wa lori la ufuta. Nikajiona mtoto mwema.

Sasa, kiangazi kilipokaza, mpini ukaanza kukauka. Rangi ikafifia, karibu na msumari wa katikati pakatokea ufa mwembamba kama unywele. Nilihofia utapasuka kama ule wa pembe, nisikufiche. Nikampelekea seremala.

"Una kiu," alisema. "Mpingo hauna shida, haunywi kitu. Mninga unakunywa. Unaupaka nini?"

"Mafuta ya ufuta."

"Ebo! Ufuta unaganda kwenye bawaba, unashika vumbi hili, mwisho kisu hakifunguki. Upate mafuta mazito. Ya nyama nyama."

Mpishi akadakia, "Hayo ninayo kila siku. Kikaangoni yanabaki mengi, nayamwaga." Jumapili iliyofuata akaleta kwenye kopo la sigara, meupe, yameganda, laini. Nikayapaka. Wallahi mpini ule ulifufuka. Ufa ukajifunga, mninga ukawa mwekundu, ukang'aa, kiganja changu na jasho langu na mafuta yale vikafanya kitu kimoja mpaka ukiushika unaona umeshika ngozi ya mtu. Seremala akasema sasa ndio mpini. Miezi na miezi nilikuwa naupaka, kila Jumapili, tone dogo kwenye bawaba, tone kwenye mti, na bapa nalifuta kwa kitambaa hicho hicho. Nikamenyea machungwa, nikakatia tumbaku. Kama ungekuwepo ungeona wivu.

Mwaka ukatimia tangu baba afe. Ujumbe ukaja kwamba hitima itasomwa, nije nichinje mbuzi, maana mtoto wa kiume wa kwanza ni mimi. Mpishi aliposikia akaomba ruhusa kazini aje na mimi. Unajua alitaka kuja kufanya nini? Alitaka akione kibaraza alichokalia baba alipokuwa anachonga. Na mimi nikafurahi, nikamchukua, tukapanda lori juu ya magunia tukafika Ruangwa wote wawili tumekuwa wekundu kwa vumbi.

Mama alitupokea, akatupa maji ya kunawa kwenye kibakuli kidogo. Mpishi hata hakumaliza kunawa. "Mama, samahani," akasema, "marehemu ule mpini aliuchonga siku ngapi?"

Mama akamtazama, akanitazama na mimi. "Sikuhesabu, baba," akasema. "Karibuni ndani, uji upo." Akaingia zake.

Asubuhi ya hitima watu walishajaa uani. Mbuzi akaletwa, nikamlaza kuelekea kibla, nikatoa kisu cha baba mfukoni. Nilikuwa sijawahi kuchinjia kisu kile hata kuku, kambini mchinjaji alikuwa mtu mwingine. Nilitaka damu ya hitima yake itoke kwa kitu chake. Nikasoma bismillahi, nikachinja, bapa likapita vizuri. Nikasimama nikiwa na raha yangu. Nikamwona mpishi ameshika kichwa.

"Ndugu yangu," akasema, "hebu njoo huku kidogo."

"Nini tena?"

"Yale mafuta."

"Mafuta gani?"

"Ya kopo. Ya kisu." Akakinyoshea kidole. "Mimi nilijua ni ya kupaka mti tu. Wazungu asubuhi wanakula mayai na ile nyama yao ya bati, ya nguruwe. Mafuta yake ndiyo nilikuwa nakuletea."

Nilitaka kumpiga. Mkono ulishanyanyuka. Miezi! Miezi yote ile nalisugua nguruwe kwenye kitu cha baba, nalilamba kwenye machungwa, na leo nimelipitisha kwenye koo la mbuzi wa hitima. Nikamwambia maneno ambayo siyarudii hapa. Naye masikini akabaki anarudia, "Kwani kisu kinaliwa? Ungeniambia unachinjia. Mimi nilidhani cha kutazama." Na hapo ndipo aliponimaliza, maana alikuwa na haki. Ukiacha machungwa na tumbaku, hatukuwahi kukitumia. Tulikuwa tunakitazama.

Nikamwendea mwalimu wa chuo cha Kurani aliyekuja kusoma hitima, nikamvuta pembeni, nikamweleza huku nimeinama. Hakupandisha sauti. Akauliza, "Bapa uliliosha kabla ya kuchinja?"

"Nililifuta."

"Kufuta siyo kuosha, mwanangu." Akafikiri kidogo. "Mnyama amechinjwa sawa. Pale kisu kilipopita pakatwe, sehemu nyingine zioshwe. Kisu kioshwe mara saba, moja kwa udongo. Chuma kitatakata. Huo mti sasa." Akauangalia mpini unavyong'aa kwenye jua, bila kuugusa. "Mti uliokunywa muda wote huo, usugue mpaka utoe ulichokunywa. Ukibaki na mafuta au harufu, utupe."

Baba mdogo alikuwa nyuma yetu, amesikia yote. "Utupwe sasa hivi!" akapiga kelele. "Chooni! Umeleta nguruwe kwenye hitima ya kaka yangu?" Basi tena. Uani ikaanza minong'ono, halafu mmoja akakumbuka ana mgonjwa nyumbani, mwingine akakumbuka mbuzi wake wamefunguka. Mwalimu alisoma hitima mpaka mwisho, lakini mikeka ilikuwa na nafasi kubwa, na wali ulibaki masufuria mazima. Mpishi alikwenda barabarani kungoja lori bila kula. Sikumsindikiza. Nilikaa nyuma ya nyumba nimekishika kile kisu ndani ya mfuko, na baba mdogo alipokuja kunidai mara ya pili nikamwambia akitaka kukitupa aanze kunitupa mimi.

Kesho yake watu wameshatawanyika, jua limepanda, mama akanijia. Mkono mmoja ameshika mtungi, mwingine ameshika udongo kwenye kipande cha kifuu. Akaketi chini, miguu ameinyoosha, akatoa pumzi ndefu ya mtu aliyetoka mbali.

"Lete," akasema.

Sikukitoa. Nikaanza kumweleza. Nikamwambia seremala aliniambia mti ukisuguliwa kwa udongo na maji unakufa, ule mng'ao hautarudi, na kibonde cha kidole gumba kinaweza kulika. Nikamwambia tulivyokuwa tunaushika, na seremala alivyokijua kidole cha baba bila kuambiwa. Nikamwambia, "Mama, huu ndio mkono wa baba. Umebaki huu tu."

Alinisikiliza mpaka nikaisha. Mama hakuwa mtu wa kukatisha watu maneno.

"Mkono wa baba yako," akasema, "umewaonyesha watu wote wa Nachingwea. Mmakonde ameushika, Mmakua ameushika, mmekaa mkausifu kila wiki. Vizuri. Mimi nimelala kwenye nyumba hii mwaka mzima na nafasi yake kitandani, hujaniuliza hata siku moja, mama, umelalaje. Idi ulikuja ukalala, ukaondoka na kisu chako. Juzi umekuja na mgeni, akauliza habari za mpini. Hakuna aliyeuliza habari za mimi." Hakulia. Alisema kama mtu anayehesabu vitu vya kununua sokoni. "Nimechoka, mwanangu. Lete hicho kisu tukioshe, nikapike."

Nikakitoa. Nikakiweka chini kimefungwa, yeye akakiokota, akakifungua mara moja tu bila kukisikiliza. Akaniambia nimimine. Nikamimina, yeye anasugua. Mara ya kwanza kwa udongo, nguvu zote, anafuata kila kona ya bawaba kwa kijiti, anasugua kibonde cha kidole gumba kana kwamba anamkosha mtoto masikio. Maji yakatoka na povu la mafuta, mekundu. Mara ya pili. Mara ya tatu. Mng'ao ukaanza kuondoka, mti ukawa na vinyweleo, nami kila nikimimina najisikia kunyang'anywa. Mara ya nne nilimimina mengi.

"Taratibu!" akasema kwa ukali ambao hajawahi kunitolea. "Maji hayo nimeyateka usiku haujaisha."

Nikautazama ule mtungi. Nikamtazama mama utosini, pale nywele zilipolala kwa sababu ya kata ya kubebea mtungi. Nikapunguza. Ya tano, ya sita, nikawa namimina tone tone kama dawa. Ya saba ilipokwisha mtungi nao ulikwisha, nilikuwa nausikia unavyolia mtupu. Mama akauleta mpini puani, akanusa, akanipa na mimi ninuse. Ulinuka mti. Ulikuwa mweupemweupe, mkavu, kibonde kimebaki kidogo sana, ungeweza kuudhani mpini wa mtu yeyote. Seremala aliuona baadaye akatikisa kichwa, akauweka mezani, hakuuokota tena.

Mama akakifunga kisu, akakiweka chini mbele yangu. Halafu akaegemea ukuta kwa mkono mmoja, akainuka kwa shida, akachukua ile kata yake, akaanza kuizungusha kichwani, macho yanatafuta mtungi. Jua lilikuwa la utosini. Nikamwambia, "Lete mama, nitakwenda mimi."

"Utachekwa na wanawake."

"Wacheke."

Akanipa. Nikaupakata ule mtungi kwa mikono miwili, maana kuubeba kichwani sikujua, nikatoka uani kuelekea upande wa bondeni, kisima nilichokunywa tangu utotoni. Sikufika mbali, akaniita.

"Unakwenda wapi? Kile kilikauka zamani."

Nikasimama pale njiani, mtu mzima, mtoto wa pale pale, mtungi kifuani, na nikalazimika kumuuliza mama yangu maji siku hizi wanateka wapi.